Makopo Kumi na Mawili ya Mzee Asanasio

Aliyemweleza Tabisa kwa mara ya kwanza kwamba nyasi hujiandaa kwa baridi ni marehemu mwenyewe, baba yake mzazi, Mzee Asanasio Thembo, ambaye tumekuja hapa Bwera kumsindikiza.

Marehemu alizaliwa Kyondo tarehe 14 Machi 1958, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1973, kisha akaanza kuwabebea mizigo wapanda mlima wa Rwenzori, kazi aliyoifanya miaka mingi bila kuangusha mzigo wa mtu. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mama Benedicte, aliyetoka Butembo, wakajaliwa watoto watano, kitinda mimba akiwa Tabisa.

Mwaka 2009 aliajiriwa na Daktari Adong, mtafiti wa mimea kutoka Kampala, aliyetaka kujua kwa nini nyasi za mlimani hulala kwenye barafu na kuamka zikiwa kijani. Mwaka uliofuata marehemu aliteremsha makopo arobaini ya nyasi, akayaweka juani hapa nyumbani wiki tatu, akidhani anazipumzisha, kisha akayatia moja kwa moja kwenye friza, na kulipokucha nyasi zote zilikuwa zimekufa. Hakuficha, alipiga simu akasema, "Daktari, nimeziua nyasi zako kwa kuzidekeza." Kumbe kosa hilo ndilo lililofungua njia, kwa maana ndani ya nyasi mna vinasaba vinavyoamka baridi inapoingia polepole, na kuliagiza jani litengeneze sukari na protini za kuzuia barafu isilipasue, na nyasi zikizoea joto vinasaba hivyo hulala tena. Tangu hapo marehemu alizikalisha siku tisa kwenye friji ya kawaida, na alfajiri ya siku ya kumi alikata majani upesi kabla hayajapata joto, ili Daktari asome vinasaba vilivyoamka.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2025, akalazwa Kasese mara mbili, akarudi nyumbani tarehe 2 Juni, na siku hiyo hiyo akatia kwenye friji makopo kumi na mawili, ya mwisho katika kazi ya miaka mitatu. Jioni ya Jumanne tarehe 10 Juni alimwita Tabisa.

"Kesho ni siku ya kumi, mama. Ukichelewa, miaka mitatu imepotea. Na usishike kwa vidole, mkono wako ni jua."

"Mimi, baba? Mimi naogopa hata kuku."

"Nyasi hazidonoi."

Saa moja jioni hiyo akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasese, majirani wa Bwera na Nyakiyumbu walioleta kuni na maji, Daktari Adong, na wapagazi wenzake waliolibeba jeneza hili kwa mwendo ule ule waliotembea naye mlimani.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, kabla jua halijatoka, Tabisa alichukua mkasi na kibano, ingawa kwetu hakuna anayefanya kazi ya mimea kabla ya maziko. Mama yake akashtuka, "Mutoto, unakata majani na baba yako iko ndani?" Kasereka, mdogo wa marehemu, akasema, "Mwache, shemeji, anamaliza kazi ya mwenye nyumba." Tabisa akakata majani ya makopo yote kumi na mawili, akayatia kwenye mtungi wa baridi kali alioachiwa na Daktari, na juu ya kila pakiti akaandika tarehe na saa, na mahali pa jina la mkataji akaandika Asanasio Thembo.

Pumzika, baba, hakuna jani lililopata joto.