Jumamosi Aliyoichagua Mwalimu Momanyi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko sokoni mhudumie mteja wako kwanza, kisha urudi tuongee. Leo tunamkumbuka Stanley Momanyi. Wengi mlimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki hata siku moja. Alikuwa muuza viatu vya mitumba na kocha wa voliboli ya wasichana mjini Nyakoro, kwenye barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay. Alifariki Jumanne iliyopita baada ya kuugua figo. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Nawaambia mapema, kumbukumbu ya leo si tamu yote. Kuna jambo marehemu aliomba lisemwe, na aliomba lisemwe hapa. Binti yake Mokeira ndiye aliyetuletea. Mjane wake, Mama Truphena, hakutaka. "Mtu akishalala, si mumuache alale?" alituuliza. Siku ya pili alipiga simu akasema haya, semeni, lakini msiseme nusu. Kwa hiyo tutasema lote.

Momanyi alizaliwa milimani Kisii. Alifika Nyakoro mwaka wa 1984 na magunia mawili ya viatu. Dholuo, lugha ya wenyeji, alijifunza kwa kubishana bei, na wateja wanakumbuka kwamba aliiongea kama mtu anayetafuna muwa. Walicheka, na wakicheka walinunua. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista. Ijumaa jua likikaribia kutua, kibanda chake kilifungwa. Hata ungekuja peku kutoka Magunga, Jumamosi Momanyi hakuuzii kiatu.

Siku nyingine zote, saa kumi jioni, alikuwa uwanjani na wasichana wake. Nasema uwanja kwa heshima tu. Palikuwa kipande cha murram, udongo mgumu wa kokoto, nyuma ya zahanati, na wavu uliofungwa kwenye nguzo mbili zilizopinda. Kila mchezaji mpya alipewa viatu kutoka kwenye gunia. Cha kulia kikiwa kikubwa kuliko cha kushoto, Mwalimu alisema, "Mpira hauulizi saizi. Ingia ucheze."

Mwaka wa 2017 mvua ilinyesha katikati ya mechi. Emmaculate, msichana aliyeruka juu kuliko wote, alitua kwenye jiwe. Goti likateguka. Mwalimu alimbeba mgongoni hadi barabarani. Emmaculate sasa ana duka la dawa za mifugo kule Ogwedhi, na bado anachechemea. Alituambia hivi: "Yeye ndiye alilia, si mimi. Aliniambia, nyathina, mtoto wangu, wewe ndiye wa mwisho kuvunjika hapa."

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na neno moja mdomoni. Uwanja. Uwanja wa kisasa, wenye paa na sakafu ya mbao, katikati ya mji, ili watoto wa watu wacheze bila kuvunjika. Alilisema harusini. Alilisema matangani. Mama Truphena anasema usingizini alikuwa akihesabu nguzo.

Na Mungu si Athumani, mwaka wa 2019 mpango ukaja. Kamati ya uwanja ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Bonface, mfanyabiashara wa mabati, na Momanyi akawa mwanakamati. Pesa zilikuwepo. Ramani ilikuwepo. Kulibaki mambo mawili. La kwanza, uwanja ungejengwa pale palipokuwa na soko, upande wa laini ya ndizi, ile safu ya meza za wauza ndizi. La pili, wananchi walipaswa kukutana na kukubali. Narudia, bila wananchi kukubali, hakuna uwanja.

Sasa mumjue Nyakerario. Huyu ni mama wa laini ya ndizi, jirani ya Momanyi sokoni na kanisani pia. Walitoka kilima kimoja. Mtoto wa Momanyi akiugua, Nyakerario ndiye aliyekesha. Laini ile ya ndizi ilikuwa na kina mama sitini hivi, na karibu wote walikuwa Waadventista kama yeye. Habari za uwanja zilipofika, Nyakerario alipanda juu ya kreti akasema mbele ya soko zima: "Mimi siku ya mkutano nitasimama. Nitakataa. Na hawa wote watakataa na mimi. Mpira ni mzuri, lakini mpira haulishi mtoto."

Momanyi alikuwa hapo. Alisikia kila neno. Alijua pia kwamba kina mama wale wakisimama, wazee watasimama nao, na uwanja umekufa.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa kuchagua siku. Haya ninayowaambia ni maneno ya marehemu mwenyewe, aliyomwambia Mokeira akiwa kitandani. Bonface aliuliza, "Mwalimu, wewe ndio unajua watu wa soko. Tuweke siku gani?" Momanyi akasema, "Weka Jumamosi asubuhi. Vijana hawana shule."

Ni kweli, vijana hawakuwa na shule. Lakini wasikilizaji wapendwa, mnajua na mimi najua. Jumamosi asubuhi Mwadventista yuko kanisani. Haji mkutanoni hata kama ni nyumba yake inayobomolewa. Bonface alimtazama akauliza, "Na watu wenu wa Sabato?" Mzee wa kanisa akajibu, "Tutawatangazia."

Akatangaza kweli. Alitangaza Ijumaa, mkutano ukiwa kesho yake, saa kumi na moja jioni, yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti, juu ya gari la kamati. Ijumaa hiyo hakufunga mapema kama kawaida yake. Kina mama wa ndizi walikuwa wameondoka tangu saa tisa. Walikuwa nyumbani wakipika chakula cha Sabato na kuogesha watoto kabla jua halijatua. Tangazo lilitolewa. Tangazo halikuwafikia. Yote mawili ni kweli.

Jumamosi ikafika. Mkutano ulijaa. Vijana waliimba, wachuuzi wa nguo walipiga makofi, mikono zaidi ya mia nne ikainuliwa juu. Msimamizi akauliza nani anapinga. Hakuna mkono ulioinuka. Iliandikwa kwamba wananchi wa Nyakoro wameunga mkono uwanja kwa kauli moja.

Na Momanyi? Momanyi hakwenda mkutanoni. Sabato hakuivunja, jamani! Alikuwa kanisani, benchi ya mbele, na karibu laini nzima ya ndizi imeketi nyuma yake. Alisoma somo. Aliombea mji. Alimwambia Mokeira kwamba mahali fulani katikati ya wimbo alisikia vuvuzela za mkutano kwa mbali, akaongeza sauti ya kuimba.

Januari iliyofuata tingatinga likaja. Kina mama waliambiwa watahamishwa kwa muda tu, huko nyuma ya kichinjio, na uwanja ukiisha watapewa vibanda vipya. Nyuma ya kichinjio kuna matope na nzi, na mteja wa ndizi hafiki huko. Wengine walirudi Kisii. Wengine wanafulia watu nguo. Nyakerario alibaki, na meza moja badala ya tatu. Walipokwenda kulalamika waliambiwa, "Mkutano ulifanyika. Mbona hamkupinga?"

Na uwanja wenyewe mnauona. Nguzo ziko. Paa la upande mmoja liko. Sakafu ya mbao hakuna. Ndani kumeota nyasi na mbuzi wanalala. Hakuna msichana aliyewahi kuruka pale hata mara moja. Mwalimu aliendelea kufundisha kwenye murram mpaka figo zilipomkatalia. Nimemuuliza Bonface. Alisema kazi ilisimama kwa sababu zilizo juu yake, na kuhusu siku ya mkutano alisema, "Mimi niliuliza. Mwenye kujua alinijibu." Sina cha kuongeza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wiki mbili kabla ya kufa, Momanyi alimwita Mokeira akamwambia kila kitu. Mokeira anasema alimshika mkono akamuuliza, "Baba, si umwambie Mama Nyakerario mwenyewe? Anakuja kukuona kila Jumapili." Mzee akageukia ukutani. Akasema, "Siwezi kumwangalia. Nikishaenda, peleka redioni. Kina mama wa soko husikiliza kile kipindi. Watasikia wote mara moja."

Nakiri, nilimkasirikia. Nilikuwa nimemjua miaka ishirini, viatu vyangu vya kwanza vya kazi nilinunua kwake, na nilikasirika. Ni mtu aliyependa watoto wa wenzake kuliko nafsi yake, na kwa ajili yao akawadhulumu mama zao. Mtu huyo ni mmoja, si wawili. Mimi siwezi kumgawanya.

Lakini hatukutaka Nyakerario asikie neno hili hewani, mbele ya wateja wake. Kwa hiyo jana asubuhi tulimfuata nyuma ya kichinjio, mimi na Mokeira. Alitupa viti. Mokeira alimweleza yote, toka mwanzo hadi mwisho, huku analia. Nyakerario alikuwa anapanga ndizi. Hakuacha kupanga. Tulipomaliza alifuta mikono akasema. Nawapa maneno yake kama alivyoyatoa, na ameturuhusu.

"Mokeira, mtoto wangu, mimi nilijua. Cliff, mtoto wa dada yangu, alikuwa anabebea kamati viti. Aliniambia mkutano ukishaisha, hiyo wiki ilifuata, ati ni Mwalimu alichagua Jumamosi. Nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikachoka. Nikasema huyu ni ndugu yangu, atakuja aniambie, na siku ataniambia, nitamwachilia. Nilikuwa tayari. Miaka mitano niko tayari. Hospitali nimeenda Jumapili nne. Kila siku nafika nanyamaza, ndio apate nafasi ya kusema. Unajua alikuwa ananiuliza nini? Bei ya ndizi. Sasa hii msamaha yangu nitapea nani?"

Mteja alikuja, akauziwa, akaenda zake.

Wasikilizaji wapendwa, Stanley Momanyi atazikwa Jumatano nyumbani kwao Kisii. Nyakerario amesema atakuwepo, na atapika na wenzake. Kwa niaba ya wote walio hapa studioni, natoa pole kwa Mama Truphena, kwa Mokeira na ndugu zake, na kwa wasichana wa voliboli wa Nyakoro, wa zamani na wa sasa. Natoa pole pia kwa laini ya ndizi, popote mlipotawanyika. Nanyi mmefiwa, na mmefiwa zaidi ya mara moja.

Sasa niwaombe neno. Siku mtakapoitwa tena mkutanoni na kuambiwa muinue mikono, kwanza geukeni mtazame nani hayupo, na muulize kwa nini.

Lingine ni letu sisi kwa sisi. Tangu habari hii ivume kwamba marehemu alituachia ujumbe, watu wawili wametupigia simu wakitaka kutuachia wa kwao. Ndugu zangu, sitaupokea. Huyo unayetaka tumwambie bado yu hai, na nyumba yake unaijua. Zima redio uende.