Mwalimu Nyabate na Vikapu Viwili vya Chai

Waombolezaji wapendwa, kabla sijaanza kusoma, naona macho yanakwenda kwenye vile viti vilivyotengewa walimu, vingi vikiwa vitupu, na minong'ono nimeisikia, naomba mnivumilie, maana viti hivyo navyo vimo katika historia hii na nitavifikia.

Marehemu Janefer Nyabate alizaliwa tarehe 3 Machi 1972 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho, mtoto wa kwanza wa mzee Bosire na mama Yunia, waliotoka Nyamira kuja kuchuma majani chai, na mimi Ogoti ninayesoma ndiye niliyemfuata, kwa hiyo ukali wake niliuonja kabla ya wanafunzi wake wote.

Alisoma shule ya msingi palepale shambani kuanzia 1979 hadi 1986, akaendelea na sekondari hadi 1990, ambako alicheza mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza na hakupona tena, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1994 katika masomo ya Kiswahili na michezo.

Alianza kazi Chebunyo mwaka 1995, na tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa kanisani na Bwana Kinuthia, mfanyabiashara wa viazi wa hapa Londiani, ambaye wazee wetu walimhoji sana kwa kuwa ni Mkikuyu, wakaishia kumpenda kuliko walivyotupenda sisi, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Gathoni na Yunia.

Mwaka 2012 alihamishiwa shule ya wasichana karibu na Sotik, akiwa na hamu moja tu, wasichana wake waingie mashindano ya basketi ya muhula wa kwanza kama shule nyingine, lakini kila Januari mkutano wa walimu ulikataa, mmoja akisema huo ni mchezo wa watoto wa Nairobi, mwingine akiuliza mabinti wa watu watavaaje kaptura hadharani, na naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Mochama, ambaye basi la shule haliwashwi bila idhini yake, akifunga mjadala kwa maneno yaleyale: "Madam, mtihani wa KCSE hautauliza mtu amefunga ngapi."

Sasa, dada yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili hadi kwenye mifupa, hachanganyi Kiingereza hata akiumwa na nyuki, ndiyo maana mwaka 2016, alipoomba vifaa vya mazoezi, badala ya kuandika ringi za magoli kama watu wengine aliandika vikapu viwili, na karani wa stoo, mtu aliyekulia kwenye chai kama sisi, akaenda soko la Kericho akamletea vikapu viwili vya kuchumia majani, vile vya kubebwa mgongoni, akamwambia, "Si uliandika kikapu, Mwalimu? Kikapu si ndio hii?"

Walimu walicheka hadi kengele ya jioni, naye akavitazama, akamkumbuka mama, akavitoboa chini na kuvitundika kwenye nguzo mbili za mkaratusi, navyo kwa upana wao vilipokea hata mpira uliorushwa ovyo, kwani Bwana Mochama mwenyewe, alipokuja kuwafukuza wasichana warudi darasani, alirusha mmoja kwa dharau, ukaingia, akatazama huku na huku kuona nani ameona, akarusha wa pili. Tangu siku hiyo alipita pale kila jioni, eti anakagua nidhamu, ingawa mashindano aliendelea kuyapinga, hata ringi zenyewe zilipokuja kufungwa.

Oktoba 2023 dada yangu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Kericho na Nakuru kwa ujasiri uliotupa moyo sisi tuliokuwa wazima, na Januari mwaka huu wa 2025 aliomba tumpeleke kwenye mkutano wa walimu, Kinuthia akimshika mkono, ambako Bwana Mochama alisimama wa kwanza, tukajua ni yaleyale, kumbe alisimama kuomba timu iandikishwe, na hakuna aliyepinga.

Alituacha Jumatano tarehe 12 Februari 2025, baada ya kutuagiza kwamba mechi ya kwanza isiahirishwe kwa ajili yake.

Mechi hiyo ni leo. Basi la shule ni moja, ndilo lililokuwa liwalete walimu hapa, nao wakaketi tena, walewale waliomnyima basi hilo miaka yote hiyo, wakakubaliana liwapeleke wasichana uwanjani, wakaja jana kutupa pole, na Bwana Mochama akasema yeye ndiye atakayeketi na timu. Nilipoambiwa nililia, na sioni haya kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Londiani waliolala nasi matangani, kanisa, na walimu wenzake, walio hapa na walio huko, tena huko hasa.

Mwalimu, Bwana Mochama amepiga simu asubuhi hii, wamefika salama, wasichana wanapasha misuli moto. Pumzika sasa, kwa amani yote, viti vyao hapa acha vikae vitupu.