Jina la Bibi Muireann

MÁIRÍN: Haloo? Nani mwenzangu?

SORCHA: Mimi, mama. Sorcha. Nipo wodini, huku Galway. Wamenisukumia simu ya sarafu mpaka kitandani.

MÁIRÍN: Umeshajifungua? Mbona mapema hiv—

SORCHA: Msichana. Hatafika jioni, mama. Daktari kasema.

MÁIRÍN: Maskini mwanangu! Maskini wee!

SORCHA: Usilie, nitashindwa kuongea. Nesi kashika maji, ambatize sasa hivi. Na mtoto hana jina.

MÁIRÍN: Si mlichagua Saoirse? Uhuru?

SORCHA: Uhuru gani, na mipira puani?

MÁIRÍN: Fionnuala basi. Bega jeupe—

SORCHA: Mabega yake ya bluu, mama.

MÁIRÍN: Caoimhe. Mpole.

SORCHA: Hajapata hata nafasi ya kuwa mtundu! [laini inakwaruza] Nampa lako. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama, si ndivyo tulivyo?

MÁIRÍN: Ndivyo...

SORCHA: Ingawa mimi hukunipa la bibi Muireann. Sijui mligombana nini—

MÁIRÍN: Hukuwa wa kwanza.

SORCHA: Unasemaje?

MÁIRÍN: Alikutangulia mmoja. Alikata roho padri yuko njiani. Padri akasema asiyebatizwa hana jina, wala hana nafasi makaburini. Baba yako akamtia kwenye kasha la chai, akaenda kumzika kule kondeni kwenye mawe.

SORCHA: Kule ulikotukataza kucheza?

MÁIRÍN: Jina la bibi lilikuwa lake. Maana yake weupe wa bahari. Na alikuwa mweupe kweli, Sorcha. Ningekupaje wewe? Miaka thelathini na nne sijalitamka.

SORCHA: Mama... [mlio] Natia sarafu ya mwisho. Linawatosha wawili?

MÁIRÍN: Linawatosha.

SORCHA: Nesi! Muireann! Anaitwa Muireann!

MÁIRÍN: Sogeza simu nisikie. [kimya kirefu] Sorcha? Sorcha, mbona—

SORCHA: Ameondoka, mama.

MÁIRÍN: Alikuwa ameshaitwa?

SORCHA: Ameshaitwa. Nywele zake bado zina maji.

MÁIRÍN: Kwa sauti?

SORCHA: Kwa sauti. Wodi nzima imesikia.

MÁIRÍN: Basi mlete nyumbani, mwanangu. Mwenzake yuko peke—

[simu inakatika]