Bi Mwanabaraka na Fomu ya Rangi

Tarehe 21 Desemba 2007, baada ya miaka kumi na mitano ya kuendesha basi la shule hapa Dallas, Bi Mwanabaraka Shamsudin anaachia usukani. Madereva wenzake tumefurahi mno: sasa tutaegesha kombokombo bila kusutwa.

Aliingia yadi yetu ya Mesquite mwaka 1992, katoka Lamu na sheria moja: mtoto hapandi basi bila kumwamkia. Mweusi, Mzungu, Mmeksiko, wote shikamoo mlangoni.

Korti za nchi hii zamani ziliona kutenga watoto kwa rangi si kitu. Baadaye zikageuka, zikaamuru wachanganywe, na jaji akazisimamia shule za Dallas miaka na miaka. Ndiyo maana basi la Bi Mwanabaraka lilitoka kusini mwa mji hadi shule nzuri ya kaskazini. Ndiyo maana pia mwaka 1994 alipewa fomu ahesabu abiria kwa rangi.

Mama huyu akaiona fomu haina adabu. Akachora safu zake mwenyewe: wanaoamkia, 38, wasioamkia, 3. Akatia sahihi, akapeleka. Msimamizi wetu Mark alimwita ofisini, uso mwekundu kama taa ya breki. Sisi masikio ukutani. Bibi akamshauri kwa upole kwamba kama korti inatafuta wenye matatizo, ni hao watatu.

Mwaka 2003 jaji akasema inatosha, korti inajitoa. Tukashangilia, kumbe mapema. Bosi akatangaza njia ya Bi Mwanabaraka itafutwa, maana amri haipo tena. Na wazazi wa kusini wengi hawana gari. Basi akawapakia wote, akawapeleka kwenye kikao cha bodi ya shule. Kiingereza chake kina matundu mengi kuliko soksi zangu, lakini siku hiyo kilitosha: "Jaji ameshafika kwake. Watoto bado."

Njia ikabaki.

Juni mwaka huu, korti kuu ya Washington nayo imekataa watoto kupangiwa shule kwa kuhesabiwa rangi. Kuna waliofurahi na walionuna, mawakili watatueleza. Ila fomu hiyo, mwenzetu aliikataa miaka kumi na mitatu kabla yao, tena bila joho.

Basi lake analirithi Latrice, binti wa kusini aliyelipanda utotoni. Msidanganywe na upole wake: ni mmoja wa wale watatu. Jana alipokabidhiwa funguo alisimama mlangoni, akaamkia, ndipo akapanda.

Asante, Bi Mwanabaraka. Nenda Alief, kule Houston, kwa wajukuu, ulale mpaka saa tatu, maisha yakuendee vyema. Wasioamkia tutawaandika sisi.