Kadi Iliyozungushiwa Uzi Mweusi

Ndugu waombolezaji, kabla hatujafika kwenye tarehe aliyozaliwa marehemu, dada yake, ambaye ndiye huyu mnayemwona amesimama na karatasi mkononi, anaomba mumsikilize kwanza kosa lake, kwa sababu amejaribu kuiandika historia hii mara tatu bila kulitaja, na mara zote tatu amechana karatasi. Jumatano iliyopita wifi yake, mke wa marehemu, alikuwa akitafuta uzi mweusi wa kukazia kifungo cha suti ambayo marehemu amevaa hivi sasa, akafungua droo ya cherehani, akakuta kadi ngumu iliyozungushiwa uzi wa rangi hiyohiyo, akawa anauvuta na kushona, na kadiri uzi ulivyopungua ndivyo maandishi yalivyojitokeza, kwanza maneno ya kliniki ya meno, kisha jina la mumewe, kisha tarehe, akauliza, "Wifi, hii kadi ya nini tena?" na dada wa marehemu akajibu, "Sijui, wifi, labda takataka zake tu." Alijua. Aliyeizungushia uzi kadi ile ni yeye kwa mikono yake, na sababu ataisema tukifika mwaka wake, sasa tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na ghala la magunia, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa mlinzi wa ghala hilo na mama yake akishona magunia yaliyotoboka, na majirani walipenda kusema kwamba mtoto huyu aliona sindano kabla hajaona ziwa. Mkasi wa ghala ulikuwa mmoja na ulikaa mfukoni kwa msimamizi, kwa hiyo mama alikata kamba ya katani kwa meno, na mwanawe akaiga. Nyumba ile ilikuwa ya watu safi, kucha zilikaguliwa, masikio yalikaguliwa, nyuma ya shingo palisuguliwa mpaka mtoto alie, ila meno yalipigwa mkaa Jumapili tu kabla ya kanisa, na mama alipofika umri wa miaka arobaini na mitano alikuwa amebakiwa na meno tisa, na watoto wake wote wakaamini kuwa meno ni kama nywele nyeusi, wakati ukifika yanakwenda zake.

Alianza shule Januari 1971 na kumaliza darasa la saba Novemba 1977, na akiwa darasa la tano alipewa mche wa sabuni kuwa zawadi ya mwanafunzi nadhifu kuliko wote, maana mwalimu wa zamu alikagua kola, soksi, kwapa na nywele, lakini katika miaka yote saba hakutokea mtu wa kumwambia afungue mdomo.

Tarehe 1 Februari 1979 aliingia kazini katika karakana ya kushona sare, akakaa hapo miaka tisa, na mwaka 1988 akafungua kazi yake mwenyewe katika baraza ya duka la vitambaa, cherehani moja, meza moja ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka kona. Hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, Kata Uzi, kwa sababu mkasi ulikuwa mezani, umenolewa, unang'aa, na bado kila mshono ulipoisha aliinamisha kichwa akaukata uzi kwa meno, kwap, na jino lake moja la mbele lilichimbika kijishimo cha uzi ambacho aliwaonyesha wateja kwa fahari kama cheti.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 17 Agosti 1991 na binti aliyekuwa akiuza vitambaa katika duka lilelile, nao wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1993, ambaye leo ni mwalimu wa watoto wadogo, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1997, ambaye ni fundi umeme.

Sasa tumefika mwaka wa dada. Mapema mwaka 2009 mke wa marehemu aliona madoa mekundu kwenye foronya, kila asubuhi, upande wa mumewe, akamwambia, "Mume wangu, unavuja kama bomba bovu, nenda kwa daktari wa meno," naye Alhamisi tarehe 12 Machi akaenda, akalazwa kwenye kiti, akakwanguliwa kwa muda wa saa nzima. Daktari alimwonyesha alichokitoa, vipande vya kahawia na vyeusi vimelala kwenye kisahani cha chuma, vigumu kama kutu ya sufuria na vinanuka kama nyama iliyosahauliwa chini ya mfuniko, akamweleza kuwa huo unaitwa ugaga, ni uchafu wa chakula na vijidudu uliogeuka jiwe, mswaki hauwezi kuung'oa hata usugue mpaka mkono uchoke, unazila fizi kwa chini huku wewe unacheka na watu, na kwamba lazima arudi kila baada ya miezi sita, akamwandikia kadi, tarehe 10 Septemba 2009, saa tatu asubuhi.

Alitoka pale na furaha yake, akapitia kwa dada yake, akaketi, akaweka kadi mezani na kufungua mdomo ili asifiwe. Dada akachungulia, akaona mianya kati ya meno ambayo jana haikuwapo, akaona fizi zimevuja na meno yameonekana marefu, akapiga kelele, "Kaka, hawa wamekutoa saruji! Hayo mawe ndiyo yaliyokuwa yameshika ukuta, gusa uone yanavyocheza!" Marehemu akayasukuma kwa ulimi, na kwa kuwa fizi zilikuwa zimekwishaliwa kwa miaka mingi, kweli yakacheza kidogo, akasema, "Wallahi dada, naona hata upepo unapita." Dada akaichukua kadi, akaikunja mara moja, akaizungushia uzi mweusi uliokuwa umetapakaa mezani, akasema, "Basi, sasa imepata kazi," akampa aitie kwenye droo ya cherehani yake, wakacheka wote wawili, na marehemu hakurudi tena kwenye kiti kile kwa miaka kumi na tano. Mtu aliyesema maneno hayo hakuwa na elimu ya meno hata ya nusu siku, na yeye mwenyewe hakuwahi kusafishwa meno tangu azaliwe.

Kilichofuata kinachefua kusoma, lakini familia imekubaliana kisifichwe. Ugaga ulirudi ukiwa mnene zaidi, nyuma ya meno ya chini ukajenga ukuta mmoja wa manjano ambao ulimi ulilala juu yake, fizi zikawa za zambarau na zenye utelezi, ukizibonyeza kwa kidole linatoka tone la usaha, na harufu ikawa inafika mlangoni kabla yake. Mwaka 2014 aligunduliwa kuwa na sukari, na daktari baadaye alieleza kwamba sukari na fizi mbovu vilikuwa vinalishana. Wateja waliokuja kupimwa kola waligeuza shingo, mwalimu mmoja mkuu akamwambia, "Fundi, wewe pima mgongo tu, kifua kikisie," watu wakacheka na yeye akacheka, akidhani ni utani wa mwalimu mnene, na kiongozi wa kwaya akamhamishia mwisho wa mstari, karibu na dirisha, akimwambia kuwa sauti yake inahitaji hewa. Sisi wa nyumbani tulimpa pipi za mnanaa kila alipofungua mdomo, tukatazamana, tukaminya pua kwa siri, na tulimsema sana, kila mtu alimsema kwa kila mtu, isipokuwa kwa mwenyewe.

Mwezi Juni 2021 mama wa bibi harusi mmoja alirudisha gauni jeupe kwa hasira, kwenye pindo pana doa la manjano lenye ukingo mwekundu, mahali uzi ulipokatwa, akalitupa mezani na kusema, "Kata Uzi, mwanangu avae hiki?" Marehemu akalitazama doa kwa mshangao, akamuuliza dada yake, ambaye siku hiyo alikuwa pale akimsaidia kupiga pasi, "Hii nini?" Dada alilinusa, alijua kabisa ni kitu gani na kimetoka wapi, na akasema, "Mafuta ya mashine, kaka." Nyumbani kwake pia alikuwa akikitenga kikombe alichonywea kaka yake, akakimwagia maji yanayochemka mara mbili, na siku moja marehemu alirudi kuchukua kofia aliyoisahau akamkuta katika kazi hiyo, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kikombe kimekosa nini?" Dada akajibu, "Kina mafuta." Tangu siku ile kila alipokuja alisema ameshashiba chai.

Jumatano tarehe 2 Oktoba mwaka huu, 2024, gego la chini upande wa kulia lilimvimba, akameza vidonge vya maumivu, akaendelea na kazi, Alhamisi uvimbe ukashuka chini ya kidevu, na Ijumaa tarehe 4 ulimi ulikuwa umeinuliwa juu, mate yanamtoka, hawezi kumeza wala kulala chali, akapelekwa hospitali. Jumamosi walimpasua chini ya taya kutoa usaha, ukatoka mwingi wa kujaza bakuli, wenye harufu iliyomfanya hata muuguzi mzoefu afungue dirisha, na daktari akamuuliza mke wa marehemu, "Mara ya mwisho kusafishwa meno na mtaalamu ni lini?" Akajibu, "2009, daktari," na dada akainamia viatu vyake. Usaha ulikuwa umekwisha kushuka kifuani, na Jumanne tarehe 8 Oktoba, saa nane mchana, marehemu alikata roho akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, wala hakuuawa na ajali wala uchawi, msimtafute mtu, aliuawa na uchafu mgumu ambao mtu mwenye chombo mkononi angeukwangua mara mbili kwa mwaka.

Wifi yangu, mama wa nyumba hii, jibu la swali lako la Jumatano ndilo hilo, ninalitoa mbele ya Mungu na mbele ya watu wote hawa, nisamehe ukiweza, na ukishindwa leo nitangoja.

Dada anakiri jambo moja tena. Alhamisi, mlipokuwa mkimtafuta msibani mkidhani ameenda kulia peke yake, alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, mashine inarusha maji na kutetema mpaka kwenye ubongo, na alipoomba aonyeshwe kisahani, aliyakuta mawe yaleyale, kahawia na meusi, harufu ileile aliyokuwa akiichemshia kikombe cha kaka yake, akatapika kwenye beseni, akasafishwa tena. Leo ana mianya kati ya meno na upepo unapita, na hakuna saruji iliyopotea, ni uchafu tu uliotoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana kwa siku nne bila kuonyesha kinyaa ambacho sisi ndugu zake tulikionyesha kwa miaka, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, mafundi wenzake wa barazani waliomaliza nguo za wateja wake zote bila kukosea hata mshono mmoja, wanakwaya wenzake, na wateja wake, akiwamo yule mama wa gauni, ambaye amekuja na amekaa mstari wa mbele.

Pumzika, kaka, Kata Uzi, kwa amani ambayo kinywa chako hakikuijua, na Mungu akupokee kwa kikombe kisichotengwa.

Na wewe binti yake, mwalimu, juzi asubuhi shangazi alikuwa nyuma yako bombani ulipokuwa ukipiga mswaki, akaona ulichotema, kilikuwa chekundu, nawe ukakifukia haraka kwa mguu. Shangazi amekuandikishia nafasi Jumatano tarehe 16, saa tatu asubuhi, kadi hii hapa, haina uzi. Mwanangu, njoo uichukue, na siku hiyo twende wote.