Mwalimu wa Katuni na Shangazi Yake

Behewa la treni lilikuwa na nafasi tele. Kilichoniweka karibu na abiria hawa wawili ni umbea wangu tu. Mama mmoja alikuwa amemgeukia jirani yake, kijana aliyejitambulisha kuwa anafundisha anime chuoni. "Mwanangu, hizo katuni za Kijapani nazo zinataka mwalimu? Binti yangu anataka kuzisomea, nimemkatalia katakata."

"Zinataka, mama. Kijapani nilikisomea, kuchora pia. Lakini kufundisha nilifunzwa na shangazi aliyenilea. Hasikii. Tulikuwa tunatazama pamoja, namweleza kwa ishara, naye kila mara ananisimamisha: huyu analia nini? Nikishindwa kujibu, tunarudia."

"Alikuvumilia, jamani."

"Namshukuru mpaka kesho. Nilipopata kazi alifurahi, kisha akaniuliza: sasa mimi nitaelezwa na nani?"

"Ukamjibuje?"

"Kwamba Jumamosi zote ni zake. Kwake ndiko ninakokwenda sasa."

Mama alijifuta macho, akasingizia vumbi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Treni iliposimama, kijana aliinuka kuaga. "Kwa binti yangu bado sijakubali," mama alimwambia, "ila shangazi msalimie sana."