Spika ya Mpiga Kinanda

Mbele yangu kwenye basi walikaa watu wawili waliotoka kanisani wamenuniana: mpiga kinanda, mzee wa tai, na fundi wa sauti, dada mwenye waya za maikrofoni shingoni.

"Leo umeniumbua," mzee alianza. "Spika yangu ilikuwa kimya kabisa. Nimeiacha kwaya nyuma ubeti mzima!" Dada akajitetea: "Baba, niliifungulia mpaka maikrofoni ya mchungaji ikapiga mluzi. Watu wote wameziba masikio." "Si wote," mzee akasema. "Mimi sikuziba."

Nilitaka kucheka, nikaona fundi hacheki. Alisema neno kwa sauti ya chini. Mzee akawa kama hakuambiwa kitu. Basi dada akainuka, akapita mbele ya magoti yake, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi dirishani, upande wa sikio la kulia la mzee.

"Jumapili ijayo nitakuwekea spika upande huu," alirudia. "Imeanza lini, baba?" Mzee alishikashika tai yake. "Mwaka jana. Usiwaambie kwaya, mwanangu, watatafuta mwingine." "Siwaambii. Ila hospitali utakwenda?" "Wewe nitengenezee spika tu." "Spika ni nzima, baba."

Hapo mzee akageuka kutazama mbele, na safari hii nina hakika alisikia.

Basi liliposimama, konda alitaja kituo mara tatu, sauti yake ikatufikia hata sisi wa nyuma. Mzee alikuwa bado anatazama mbele. Dada akamgusa bega: "Baba, unashuka hapa."